Babu alikuwa Akhwani: picha moja, santuri nne na klabu ya mwaka 1905

*"Shikamoo mwalimu. Babu yetu mzaa mama alifariki mwaka jana akiwa na miaka 91. Kwenye kasha lake tumekuta picha ya wanaume kumi na wawili, na santuri nne nzito. Pichani wengi wamevaa kanzu na tarbushi, wawili wana koti na tai. Kuna ala: udi, fidla tatu, kanuni (ile ya nyuzi nyingi) na akodion. Nyuma pameandikwa kwa penseli 'Malindi, Idd', basi. Tangu utotoni tunaambiwa babu alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ya Unguja, na kwamba klabu ile aliiunda Seyyid Barghash. Mjomba anapinga. Anasema ilikuwa klabu ya Waarabu, wakiimba Kiarabu tu, na ilikufa na Mapinduzi, kwa hiyo hakuna la kujivunia wala la kutafuta. Yeye anataka kuziuza santuri kwa mtu wa vitu vya kale, Mji Mkongwe. Mimi nataka kuandika kurasa chache za kuwasomea ndugu kwenye mkutano wa ukoo, ila sitaki kuandika uongo. Nishike lipi? Na santuri nizifanyeje? Moja imeota ukungu, nimeshanunua spiriti ya kuisafishia."*

Marahaba, mwanangu. Hiyo spiriti iweke mbali na kasha leo hii, kabla hujaendelea kusoma. Sababu nitaieleza huko mbele, lakini kitambaa kimoja chenye spiriti kikipita juu ya santuri ya aina hiyo, sauti iliyomo hairudi tena.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nikikuelewa vizuri, unavutwa na masimulizi mawili: ya nyumbani yanampandisha babu hadi kasrini, ya mjomba yanamfuta kabisa. Nionavyo mimi yote mawili yamekosea, tena yamekosea mahali pamoja. Yote yanaichukulia klabu kuwa mali ya sultani. Ukiamini kwamba sultani ndiye aliyeizaa, si vigumu kuamini kwamba ilizikwa pamoja na usultani. Ikhwani Safaa ilikuwa chama cha watu wa mjini, wakikiendesha wenyewe, na ndiyo maana kingali kipo.

Tuanze na hesabu. Seyyid Barghash bin Said alitawala tangu 1870 mpaka alipofariki 1888. Ikhwani Safaa iliundwa 1905. Hapo katikati pana miaka 17 na masultani kadhaa. Aliyekuwa kitini mwaka huo wa 1905 ni Seyyid Ali bin Hamoud, na Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890. Kwa hiyo Barghash hakuiunda. Na babu yako, aliyefariki mwaka jana na miaka 91, amezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati klabu ikiwa tayari na robo karne. Mwanzilishi hawezi kuwa. Huenda baba yake alikuwa, au babu yake, na sifa ikateremka kizazi kwa kizazi hadi ikamkalia yeye. Jambo hilo hutokea sana katika masimulizi ya ukoo, na halimfanyi aliyewasimulia kuwa mwongo.

Hata hivyo jina la Barghash halikuangukia humo bure. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliupenda muziki wa Misri hadi akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza, hasa kupiga kanuni, na aliporudi akawafundisha wengine, wakawa wanapiga kasrini. Huo ulikuwa muziki wa mwenye nyumba: sultani anaagiza, wapigaji wanapiga, wageni wake wanasikiliza. Kilichotokea 1905 ni kitu cha namna nyingine. Vijana wa mjini walioupenda muziki ule waliunda nadi yao, wakaagiza ala kutoka Misri na kuanza kujifunza. Mbegu unaweza kusema ilitoka kasrini, lakini shamba lilikuwa lao.

Litazame hata jina. Nadi ni klabu kwa Kiarabu, ikhwan ni ndugu, safaa ni usafi wa moyo. Jina hilohilo la Ikhwan Safaa walijiita wanazuoni fulani wa Basra katika karne ya 10. Ndani yake hamna neno muziki wala neno sultani. Mna udugu. Waliolichagua walitangaza kwanza wao ni nani kwa wenzao, kisha ndipo wakakamata ala.

Hapa ndipo watu wengi wa leo wanapopotea, na nakuomba unifuate taratibu. Tukisikia "klabu ya muziki" tunafikiria ukumbi: mlango, tiketi, jukwaa, mwenye mali. Nadi haikuwa hivyo. Nadi ni watu kwanza. Wana mahali pao pa kukutana jioni, wana viongozi wao, wanachanga, wanazungumza, wanakunywa kahawa, na kati yao wapo wanaopiga. Ukumbi unaweza kuwa wa kuazima. Wanaweza kupiga leo kwenye harusi, kesho kwenye Idd. Klabu haihesabiwi kwa paa lake. Mtunzi wa mashairi ni mwanachama hata kama hajui kushika fidla. Mwenye kuweka hesabu ni mwanachama. Mwenye kuja kusikiliza kila jioni na kutoa mchango wake ni mwanachama. Kwa hiyo mtu akisema "babu alikuwa Akhwani", yaani mwanachama wa Ikhwani Safaa, hajasema kwamba babu alikuwa mpigaji. Usimwandike kuwa fundi wa udi kwa sababu tu amesimama karibu na udi pichani.

Na wimbo wenyewe ulizaliwa kwa mikono mingi. Mmoja analeta shairi lenye vina na mizani. Mwingine analitilia sauti. Wakubwa wanaamua ni koo ya nani inayolifaa. Kisha ni mazoezi, jioni baada ya jioni, kwa kusikiliza na kurudia, mwanafunzi ameketi ubavuni mwa mwalimu akitazama vidole vyake. Usiku wa onyesho hufunguliwa na bashraf, muziki wa ala tupu usio na mwimbaji, unaowatuliza watu na kuwaonyesha kwamba fidla zote zinazungumza pamoja. Ndipo wimbo unaingia, na ukifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, yeye huinuka, akaenda mbele kwa maringo na fedha mkononi kumtunza mwimbaji. Wageni hudhani anampongeza mwimbaji tu. Mara nyingi huwa ameuchukua ule mstari na kuufanya wake, na aliyekusudiwa kuusikia ameketi safu ya tatu na anajua vizuri sana. Mimi nimekaa kwenye maonyesho ya namna hiyo tangu ujana wangu, na mpaka leo sijaona chombo cha habari kinachofanya kazi kwa kasi ile.

Haya nakueleza kwa sababu yanakusaidia kuisoma picha yako. Taarabu ya asili inatumia sauti ambazo piano haina, zile zinazokaa katikati ya noti mbili. Shingo ya udi na ya fidla haina vigawanyo, kwa hiyo kidole kinaweza kutua popote. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimefungwa tatutatu kwa kila sauti, na pembeni ina vyuma vidogo ambavyo mpigaji huvinyanyua na kuvilaza ili kuipandisha au kuishusha sauti kidogo. Akodion ni jambo jingine: sauti zake zimepangwa kiwandani, na bila ya fundi kuzichezea haiwezi kuzifikia zile za katikati. Ala hiyo isingekuwa na nafasi kwa wale vijana wa 1905 waliokuwa wakiiga muziki wa Cairo wa zama zao. Iliingia baadaye, muziki wa Misri wenyewe ulipobadilika na kunenepa. Redio ya Cairo ilianza 1934, filamu za waimbaji wa Misri Um Kulthum na Mohamed Abdel Wahab zikaanza miaka hiyohiyo, na okestra zilizosikika humo zilikuwa kubwa: fidla nyingi, chelo, besi, kisha akodion. Unguja iliyasikia hayo, ikayafuata.

Akodion hiyo peke yake, pamoja na hao wawili wenye koti na tai, inanifanya niiweke picha yako katika miaka ya 1950 au ya 1960. Wakati huo babu yako alikuwa kijana, kati ya miaka kumi na saba hivi na thelathini na kitu. Yaani huenda yumo pichani mwenyewe, tena ujanani. Kwangu mimi hilo ni zuri kuliko uanzilishi wa kubuni.

Sasa mjomba. Asihukumiwe kwa pupa, kwani ana nusu ya ukweli. Katika miaka yake ya mwanzo klabu ilihusishwa na watu wa tabaka la juu la mjini, ilikuwa ya wanaume, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Aliyeugeuza mkondo ni mwanamke aliyetoka Fumba, Siti binti Saad. Alizaliwa yapata 1880, akaja mjini, na katika habari za maisha yake wanatajwa watu wa Ikhwani Safaa miongoni mwa waliomfundisha kuimba na kufuata ala. Yeye akaimba kwa Kiswahili, mambo ya mitaani, ya mahakamani, ya wanyonge na wakubwa zao, na mwaka 1928 akaenda Bombay pamoja na wapigaji wake kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba Kiswahili hakifai kwa udi na fidla. Wanawake wa mjini nao waliunda vikundi vyao, kama Royal Air Force, Navy na Sahib el Arry, vikashindana kwa mashairi na kwa mavazi. Ikhwani Safaa nayo ikaja kuimba Kiswahili, na nyimbo zake za lugha hiyo ndizo watu wengi wanazozijua leo. Mwambie mjomba hivi: anachokisema kilikuwa kweli wakati wa babu yake. Wakati wa babu yako hakikuwa kweli tena.

Kuhusu 1964 nitakuwa mwangalifu, maana najua ni kidonda katika nyumba nyingi, huenda na kwenu pia. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari yaliwaondoa watu, wengine kwa kifo na wengine kwa kukimbia, na zipo baraza za Mji Mkongwe ambazo hazikusikia tena fidla. Lakini klabu haikufa. Vyama vya namna hii vilikusanywa chini ya Afro-Shirazi Party, na Ikhwani Safaa ikawa inajulikana kwa jina la Malindi, mtaa wake. Iliendelea kupiga. Pembeni yake ilikua klabu nyingine, iliyoanza 1958 kwa jina la Shime Kuokoana ikiwa karibu na vijana wa chama hichohicho, na ndiyo hiyo leo tunayoiita Culture Musical Club. Kwa miaka mingi Unguja imezisikiliza hizi mbili kama watu wanavyotazama timu mbili za mji mmoja. Jina la kale nalo lilirudi: santuri ya klabu iliyotolewa Uingereza 1988 ina jina la Ikhwani Safaa waziwazi, na 2005 klabu ikatimiza miaka 100 na kutoa diski ya kuadhimisha karne hiyo.

Sasa geuza picha uyasome tena yale maneno ya penseli: "Malindi, Idd". Yanaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni mtaa, yaani picha imepigwa Malindi siku ya Idd, mwaka wowote. Ya pili ni klabu yenyewe kwa jina lake la baada ya 1964. Ikiwa ni hii ya pili, basi ulichonacho mkononi ni kinyume cha maneno ya mjomba: ni klabu "iliyokufa", ikiwa imekaa na akodion yake, siku ya sikukuu. Mimi kwa picha tu siwezi kukuamulia. Anayeweza ni mtu anayezijua hizo sura.

Santuri zako nazo, usizitarajie kuwa sauti ya babu. Upande mmoja wa santuri ya kawaida ya zama zile ulibeba dakika tatu hivi, basi, na wimbo wa taarabu usiku wa onyesho huenda mara tatu au nne ya hapo. Kilichoingia kwenye santuri ni wimbo uliokatwa ukatoshea. Isitoshe, inawezekana kabisa zote nne ni za Misri, zenye lebo ya Odeon au Baidaphon. Usivunjike moyo zikiwa hivyo. Mwanachama alinunua santuri ya Cairo ili aisikilize mara hamsini na kuishika bashraf kwa sikio. Hicho kilikuwa kitabu chake cha darasa. Ukikuta picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni pamoja na maandishi ya Kiswahili, hapo simama vizuri zaidi, kwani unaweza kuwa na kitu cha zama za Siti. Piga picha lebo pande zote mbili, pamoja na namba zilizochongwa karibu na lebo penye duara tupu. Namba hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha santuri.

Na spiriti je? Santuri hizo nzito hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa shelaki, gundi inayotokana na mdudu, iliyochanganywa na unga wa mawe. Spiriti huiyeyusha shelaki. Mafundi seremala huchanganya vitu hivyo viwili makusudi kupata vanishi. Ukisugua, mifereji yenye sauti inalainika na kupotea. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya betri ambayo hayajatiwa tindikali, na tone la sabuni ya vyombo. Tumia kitambaa laini, ukifuata duara la mifereji wala usiukate, na lebo isiguswe na maji. Fanya kazi hiyo nje, umefunika pua, kwa sababu ukungu si mzuri kifuani. Kisha zisimamishe wima kama vitabu, mbali na joto. Zikilala juu ya kitu kisicho sawa hupinda, zikianguka huvunjika kama sahani. Usizipige kwenye mashine ya kisasa yenye sindano ya santuri za plastiki, maana sindano hiyo ni nyembamba mno, huzama chini ya mfereji na kukwaruza. Gramafoni ya zamani nayo iache: sindano yake ya chuma na uzito wa mkono wake hula kidogo kila mara.

Kabla ya kutia maji yoyote, chungulia tundu la katikati na ukingo wa kila moja. Ukiona bati linang'aa ndani, acha papo hapo. Hiyo si santuri ya dukani. Ni ile iliyokatwa moja kwa moja wakati wa kurekodi, namna walivyofanya watu wa redio zamani, na mara nyingi nakala yake ni hiyohiyo moja duniani. Ngozi yake ya juu hubanduka kama rangi ya ukuta mbichi. Ifungeni kwa karatasi safi mumpelekee mtu anayeijua kazi hii. Vivyo hivyo kwa yoyote yenye ufa.

Kuhusu kuuza, nakupa mawazo yangu bila kumsema mjomba vibaya. Santuri iliyochapwa kiwandani si kitu kitakatifu, huenda wenzake wapo kwingine, na familia yenye shida ina haki ya kuuza kilicho chake. Lakini muuze baada ya sauti kunakiliwa na lebo kupigwa picha, si kabla, na mtafute maoni ya mtu asiyenunua kabla ya kumsikiliza anayenunua. Picha ile msiiuze kwa hali yoyote. Mkizihifadhi nyumbani, mtakuwa nazo karibu, ila joto na unyevu wa kwetu hauzihurumii. Mkizipeleka Nyaraka za Taifa, Kilimani, zitatunzwa vizuri zaidi, lakini ukubaliane nao kwa maandishi kama mnatoa au mnaweka amana tu, na ndugu watazionaje. Pia wapo walimu wa chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), Unguja, wanaoweza kusikiliza na kukuambia ni ala gani na ni mtindo wa wapi. Mimi ningefanya hivi: nakala ya sauti na picha kwa kila tawi la ukoo, vyenyewe amana Kilimani. Mjomba ashirikishwe tangu mwanzo, awe ndiye mpeleka kasha.

Kwa mkutano wenu, haya unaweza kuyaandika leo bila hofu: klabu iliundwa 1905 na watu wa mjini, babu alizaliwa ikiwa tayari na umri wa mtu mzima, ukoo wenu unasimulia kuwa alikuwa mwanachama, picha iliyo kashani inaonyesha wapigaji wa taarabu siku ya Idd, na inaelekea ni ya ujana wake. Mahali pengine acha nafasi tupu kwenye karatasi.

Nafasi hizo hazijazwi kwa barua kama hii yangu. Nenda Malindi jioni, wakati wa mazoezi, na nakala ya picha iliyokuzwa, ile yenyewe ibaki nyumbani. Salimia, keti, sikiliza wamalize wimbo. Kisha muonyeshe mzee mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, kabla hawajakaa pamoja na kukubaliana, na uandike majina kama wanavyoyatamka. Usianze na kumwonyesha babu yako. Anza na aliyeshika akodion. Wapigaji wa ala hiyo walikuwa wachache kuliko wa fidla, akitajwa yeye mwaka utajulikana, na wa pembeni yake watafuata.